Angalau Mmoja Yuko Huru

Siku hizi kwenye mikutano ya wanahisabati wanamwita Mama Yupi, na wengi wanaomwita hivyo wanadhani ni utani wa kazini tu. Mtu akisimama ubaoni akasema, "Basi kuna namba yenye sifa hizi," yeye huinua mkono kutoka kiti cha nyuma na kuuliza, "Ipi?" Msemaji akijibu kwamba haijalishi ni ipi mradi ipo, watu huanza kucheka chini chini, maana wanajua mkono ule hautashuka. Binti yake, ambaye sasa ni mkubwa na anakwenda shule peke yake, anajua jina lilikotoka. Mzazi unayesoma haya ni vizuri nawe ulijue, hata kama hesabu ulizisahau siku ileile ulipomaliza shule ya msingi.

Wakati huo aliitwa Mama Kijino. Binti alikuwa na miaka minne, na jina la Kijino alipewa na bibi yake, mzaa mama, kwa sababu alikaa na jino moja muda mrefu mpaka watu wakawa wanauliza mengine yamekwama wapi. Mama mtu alikuwa mtafiti wa hisabati. Alialikwa kwenye warsha ya wiki nzima, na wiki hiyohiyo baba mtoto akawa na safari yake ya kazi, na bibi akawa na mguu unaomsumbua, hawezi kumkimbiza mtoto. Ikabidi mtoto aende warshani.

"Huko unakokwenda kuna wa kumwangalia?" bibi aliuliza kwenye simu.

"Yupo yaya, mama. Na chumba cha watoto, na bustani yenye uzio. Kuna kila kitu."

"Kila kitu hakiangalii mtoto. Nakuuliza mtu."

"Si nimekwambia yaya yupo? Mama na wewe!"

"Haya. Nisikupigie kelele, msomi wangu. Lakini nitakuwa napiga simu."

Na kweli alikuwa anapiga. Kila siku mchana, swali lake moja: "Mtoto yuko na nani?"

Jumba la warsha lilikuwa la ghorofa mbili, milango ya vioo, korido ndefu zenye zulia jembamba. Kila wiki hupokea kundi jipya la wanahisabati, na wiki hiyo lilikuwa kundi la mchanganyiko. Walikuwepo watu wa hesabu tupu, wanaochunguza maumbo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona wala atakayeyaona. Walikuwepo na wa hesabu za matumizi, wanaopiga hesabu za namna homa inavyosambaa mjini au maji yanavyokwenda kwenye bomba lililopinda. Asubuhi wanasikilizana ukumbini, mchana wanagawanyika vikao vidogo, jioni wanarudi ukumbini. Katikati ya hayo yote wanasimama mbele ya ubao. Mbao zilikuwa kila mahali: kwenye korido, chumba cha chakula, kandokando ya ngazi. Ulikuwepo hata mmoja mkabala na mlango wa choo, kwa ajili ya mtu atakayepata wazo akiwa humo.

Mbao hizo zilikuwa na adabu zake mbili, na kila mgeni alizishika ndani ya siku ya kwanza. Moja, ubao wa mwenzio haufutwi. Pili, mtu aliyesimama ubaoni hasemeshwi mpaka ageuke mwenyewe. Profesa, mzee aliyeongoza warsha, aliwaambia siku ya kwanza kwamba mtu anayefikiri ni kama mtu aliyebeba ndoo imejaa mpaka pomoni: ukimwita, inamwagika. Watu walicheka, wakatii.

Kijino naye alijifunza haraka. Alijaza mifuko ya gauni vipande vya chaki, akawa anachora sehemu za chini za mbao, kimo chake kinapofika. Kwa kuwa ubao wa mwenzio haufutwi, hakuna aliyefuta. Juu kukawa na alama za wasomi, chini nyumba na jua na kuku wenye miguu mingi. Mtu mmoja wa hesabu za maumbo alionekana ameinama kwa muda mrefu mbele ya kuku mmoja, mkono kidevuni, mpaka alipoelezwa.

Kilichompeleka Mama Kijino kwenye warsha ile ni hatua moja. Yeye na mwenzake mmoja, ambaye kila mtu alimwita Mrefu kwa sababu zinazoonekana, walikuwa wamekwama kwenye hatua hiyo kwa miaka. Wangeivuka, kazi yao yote ingekamilika. Wasingeivuka, ilikuwa karatasi tu. Mrefu alikuwa anaondoka Jumatano jioni, na nchi alikokuwa anakwenda kufundisha ilikuwa mbali, hawangeonana tena karibuni.

Jumatano ndiyo siku yaya alipokuwa anapumzika kuanzia mchana. Hilo lilikuwa limeandikwa mlangoni tangu mwanzo, lakini wazazi walilisoma siku yenyewe, wakiwa na sahani mkononi.

Wazazi wenyewe walikuwa wawili tu, Mama Kijino na Baba Pacha. Huyu alikuwa mcheshi mwenye kitambi kidogo, amekuja na pacha wake wa kiume wa miaka sita, na utaalamu wake ulikuwa hesabu za mipangilio: nani akae wapi, nini kitangulie nini. Mezani alikuwepo pia Dada wa Takwimu, msichana mpole asiye na mtoto, aliyezoeana na watoto kuliko wazazi wao.

"Jamani, leo yaya hayupo," alisema Mama Kijino. "Tunafanyaje?"

"Mimi nipo, nitawasaidia," Dada wa Takwimu alisema. "Ila mimi nina kikao baadaye."

"Na mimi nina mada sasa hivi," alisema Baba Pacha. "Na wewe Mama Kijino si unaongoza kikao cha chumba cha pili?"

"Ndiyo."

"Ngoja." Baba Pacha aliweka uma chini, akaenda kwenye ubao wa chumba cha chakula, akapata nafasi kati ya maandishi ya watu. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Sisi ni watatu. Mchana huu vyumba vya vikao ni viwili, na kila chumba kinamhitaji mmoja wetu tu. Wawili kati yetu wakiingia, wa tatu anabaki. Kwa hiyo saa yoyote utakayoitaja, angalau mmoja wetu yuko huru. Aliye huru anakaa na watoto. Imekwisha!" Akaandika hivyo hivyo kwa herufi kubwa, ANGALAU MMOJA WETU YUKO HURU, na mwisho wa mstari akachora kile kijisanduku wanachochora wao kuonyesha kwamba jambo limethibitishwa.

Meza nzima ikapiga makofi.

"Wewe umezaliwa na rula mkononi," mtu mmoja alimwambia.

Mama Kijino alicheka na wenzake. Aliupitia uthibitisho ule kichwani mara moja, kama alivyozoea kufanya kwa kila kitu kinachoandikwa mbele yake, akauona uko sawa. Watu watatu, vyumba viwili. Moyo ukamtulia kabisa. Tangu asubuhi ulikuwa haujatulia hivyo.

Simu ikalia. Bibi.

"Mtoto yuko na nani?"

"Yuko na sisi, mama. Tumeshapanga."

"Sisi nani?"

"Mama, ninakula."

Baada ya chakula Dada wa Takwimu akakaa sebuleni na watoto watatu. Baba Pacha akaingia chumba cha kwanza kutoa mada. Mama Kijino akashika njia kwenda chumba cha pili kuongoza kikao chake, kengele ndogo ya kuwaonya wasemaji akiwa nayo mkononi. Hakufika. Kwenye korido, mbele ya ubao, alisimama Mrefu, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

"Njoo uone," alisema. "Nadhani inapita."

Akasimama. Aliweka kengele kwenye ukingo wa ubao, akachukua chaki. Hakuwa na nia ya kukaa.

Chumba cha pili watu walingoja mwongozaji, hakuja. Mtu akachungulia sebuleni na kumuuliza Dada wa Takwimu kama anaweza kushika nafasi, msemaji ameshaanza kutokwa na jasho. Hapo Dada wa Takwimu alifanya jambo ambalo mtu mwingine, muuza duka au kondakta wa treni, asingelifanya. Alipiga hesabu. Kama Mama Kijino hayuko chumba cha pili, basi Mama Kijino ndiye aliye huru. Nikichukua nafasi yake kule, na yeye anachukua yangu hapa. Tumebadilishana tu, uthibitisho unabaki vilevile. Akawaambia watoto, "Mama Kijino anakuja sasa hivi," akaenda, akiingilia mlango wa upande wa pili wa chumba. Hakuwa mzembe. Ukimfuatisha hatua kwa hatua huoni alipokosea.

Na Mama Kijino pale koridoni, kila alipokumbuka kikao chake, alijiambia kwamba lazima kuna aliyeshika nafasi, watu wazima hawashindwi kuongoza kikao. Na kila alipomkumbuka mtoto alijiambia, yuko na Dada wa Takwimu. Aliye huru anakaa na watoto.

Pacha waliwasha katuni. Kijino hakupenda ile waliyochagua. Akatoka.

Kwanza alikuja kwa mama yake. Mama alisikia gauni linavutwa.

"Mama, njoo uone nyumba yangu."

"Nakuja, mwanangu. Mama anamalizia mstari mmoja."

"Ina mlango wa kweli."

"Eeh. Vizuri sana."

Hakugeuka. Alihisi mkono mdogo ukiachia gauni, na hapo hapo, kwa kuwa ndoo ilikuwa pomoni, akausahau.

"Hapa sasa," alisema Mrefu. "Tunahitaji namba moja tu inayotimiza masharti yote mawili."

"Ipo. Angalia, zikikosekana zote, tunapata mgongano huku chini. Kwa hiyo angalau moja ipo."

"Ipi?"

"Haijalishi ipi. Ipo."

Mrefu akautazama mstari kwa muda, kisha akaanza kutabasamu polepole, tabasamu la mtu aliyefunguliwa mlango uliomtesa miaka. Ilikuwa imepita. Mama Kijino alichora kijisanduku mwishoni, na simu ikalia mfukoni. Bibi tena, lile jibu la "sisi" halikumtosha.

"Mtoto yuko na nani?"

"Mama! Mama, tumeipata, ile hatua, ile niliyo..."

"Hongera, mwanangu. Mtoto yuko na nani?"

"Yuko na Dada wa..." Akageuza shingo. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wa kioo. Ndani, kwenye kiti cha mwongozaji, alikaa Dada wa Takwimu, akigonga glasi kwa kalamu kumwonya msemaji. Kwenye kioo cha chumba cha kwanza ulionekana mgongo wa Baba Pacha na mkono wake ukiandika.

Akakimbilia sebuleni.

Sebuleni pacha walikuwa wameegemeana, macho kwenye katuni.

"Kijino yuko wapi?"

"Ameenda kwake," alisema mmoja.

"Kwake wapi?"

"Kwenye nyumba yake. Alituambia twende, tukakataa. Yeye ni mdogo."

Akarudi koridoni akiita. Wapo waliogeuza vichwa kumtazama, wengine wakaendelea na mbao zao, kwa adabu. Alipofika mwisho wa korido ndipo alipoinamisha macho, akaona kile ambacho angekuwa amekiona muda wote kama angelitazama chini. Kwenye ubao wa mwisho, nyumba yenye mlango. Chini ya ngazi, ukutani, nyumba nyingine yenye mlango, na kamstari ka chaki kanatoka hapo, kanatambaa ubavuni mwa ukuta kwenye kimo cha kiuno chake, kanapinda kona, kanaingia ukumbi mkubwa.

Ukumbi ule ulikuwa na mbao tatu pana kama milango ya gereji. Zilipanda na kushuka kwa nyaya, na nyuma ya ukuta kulikuwa na vyuma vizito vya kuzisawazisha: ubao ukipanda, chuma kinashuka. Upande wa kulia palikuwa na kijimlango cha fundi. Asubuhi hiyo fundi alikuwa amekuja kupaka mafuta nyaya, akaenda kutafuta kifaa, na kijimlango hakukifunga. Aliona ukumbi uko tupu mpaka jioni.

Lakini Profesa alipenda kuanza mapema. Wasio na vikao walikuwa wameshajaza viti vya mbele, naye alikuwa ameshajaza ubao wa kwanza kuanzia juu hadi chini. Ukumbi ulikuwa kimya. Mama Kijino aliufuata ule mstari wa chaki kwa macho: unapita chini ya viti, unapanda vidaraja vya jukwaa, unaishia kwenye kijimlango kilicho wazi. Profesa akaweka viganja chini ya ubao na kuusukuma juu.

"Acha!"

Humo ndani hakuna aliyewahi kupiga kelele. Watu wote waligeuka. Profesa naye aligeuka, lakini mikono yake iliendelea na kazi iliyoizoea, na ubao ukaendelea kupanda.

"Kosa liko mstari gani?" aliuliza.

Aliuliza kwa heshima kabisa. Katika maisha yake yote mtu akikupigia kelele ubaoni ni kwa sababu ameona kosa. Mama alikuwa anaruka miguu ya watu, hana pumzi ya kujibu, na kabla hajafika jukwaani ukuta ulilia kwa sauti ya mtoto.

Fundi alikuwa amerudi na alisikia akiwa mlangoni. Yeye ndiye aliyeingiza bega ndani, akaushika waya, akaita watu wausogeze ubao chini, taratibu, taratibu, hivyo hivyo. Kijino akatolewa akiwa mweupe kwa chaki mwili mzima, isipokuwa mkono wa kushoto. Chuma hakikumpata kichwani. Kilikuwa kimepita kando yake kwa nafasi ndogo sana, kikakuta kidole kidogo kimewekwa ukingoni.

Ncha ya kidole haikuokoka. Daktari alisema, kwa namna madaktari wanavyosema, kwamba wamekuwa na bahati.

Muuguzi aliuliza maswali ya kawaida. "Wakati huo mtoto alikuwa na nani?"

Walikuwa wamesimama watatu kwenye korido ya hospitali. Dada wa Takwimu, huku analia, alisema alikuwa na mama yake. Mama yake alisema alikuwa na Dada wa Takwimu. Baba Pacha alisema alikuwa na mmoja wao, kwa hakika. Muuguzi aliwatazama mmoja mmoja, akarudia swali lile polepole, akidhani hawakumwelewa.

Baadaye Baba Pacha alikuja kukaa kando ya Mama Kijino kwenye benchi. "Nimeupitia tena ule uthibitisho," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeupitia hatua kwa hatua. Sioni kosa liko wapi, mama."

"Hakuna kosa," alijibu. "Mimi ndiye niliyekuwa huru."

Mrefu naye alifika, mabegi mkononi, akielekea uwanja wa ndege. Alisimama, akakohoa, akasema, "Ule ubao nimeupiga picha. Usiwe na wasiwasi." Alikuwa mtu mwema. Mama Kijino alimtazama mpaka akaona aibu, akaondoka.

Kesho yake Mama Kijino alirudi kwenye lile jumba kuchukua nguo. Lilikuwa kimya, watu wanatembea kwa vidole. Alipita chumba cha chakula. Maneno ya Baba Pacha yalikuwa bado pale na kijisanduku chake, kwa sababu ubao wa mwenzio haufutwi. Hakuyafuta. Alichukua chaki akaandika chini yake neno moja, Yupi?, akaondoka na begi. Jina likaanzia hapo.

Ule utafiti wao ulichapishwa, na watu wanausifu. Yeye lakini hakuridhika na namba iliyopo tu. Aliitafuta namba yenyewe, kwa miaka, ingawa Mrefu alimwandikia kwamba haina haja. Aliipata. Ilikuwa namba ndogo, ya kawaida, na haikubadilisha kitu chochote katika uthibitisho.

Kwenye lile jumba siku hizi kuna kofia ya njano. Aliye na watoto anaivaa, na haivui mpaka amvalishe mwingine kichwani, ana kwa ana, huku wanaambiana: "Unao?" "Ninao." Maprofesa wazima wanatembea na kofia ya njano koridoni, na hakuna anayewacheka. Kijimlango cha fundi kimetiwa kufuli. Na wewe nyumbani kwako, kwenye sherehe yenye shangazi saba na wajomba wanne, siku ambayo kila mtu anampenda mtoto na nyumba imejaa, tafuta kofia. Ikikosekana, tumia kitambaa, tumia kijiko. Kiwe kitu ambacho hakiwezi kuwa na watu wawili.

Bibi bado anapiga simu mchana, ingawa mguu umepona na mjukuu ameshakuwa msichana wa kujibishana naye.

"Mtoto yuko na nani?"

"Na mimi, mama."

"Mpe simu nimsikie."

Zamani Mama Yupi angekasirika. Siku hizi anampa mtoto simu, na akishampa anabaki kumtazama.